Chupa Niliyoimwaga kwa Pupa: Tangi la Matumbawe na Ndoa Yangu ya Pili



  Najua wengi mnasubiri nimalizie habari ya lesi zinazovuja rangi. Nitaimalizia siku nyengine in sha Allah. Leo nina maneno na biharusi mmoja aliyekuja dukani kwangu kupimwa nguo ya nikaha. Anaolewa na mume aliyefiwa na mkewe, mwenye watoto wawili. Nikiwa nimemzungushia tepu kiunoni akaniuliza kwa sauti ndogo, "Dada, nifanye nini ili wanipende upesi?"

Sikumjibu pale pale, mdomo ulikuwa umejaa pini. Alipoondoka nikaona swali lile si lake peke yake, wengi mnanitumia ujumbe wa namna hiyo. Na jibu langu mimi nililipata pahala ambapo hamtapadhania: kwenye tangi la samaki. Nivumilieni kidogo, maana nitawaeleza na tangi lenyewe linavyotunzwa. Kisa bila ya tangi hakieleweki.

Tangi lililonitangulia nyumbani

Mimi si mtaalamu wa bahari. Nimesoma mpaka kidato cha nne, nikachukua kozi ya ushoni, na maisha yangu yote ni mkasi na cherehani. Ndoa yangu ya kwanza ilishindikana. Nikiwa na miaka 33 Mola akanijaalia mume mwengine, mtu wa huku Maskati ambaye mama yake amezaliwa Unguja, kwa hiyo nyumbani kwao Kiswahili si kigeni. Mke wake alifariki, Allah amrehemu, akaacha binti wa miaka tisa. Mume wangu anafanya kazi kwenye visima vya mafuta jangwani, wiki mbili kazini, wiki mbili nyumbani. Maana yake nusu ya kila mwezi nilikuwa peke yangu na mtoto asiyenijua, na tangi.

Tangi lenyewe ni la lita 300, limekaa sebuleni na taa zake za buluu. Samaki ni watano tu. Wenye nyumba ni matumbawe. Yako laini yanayopepea kama ushungi kwenye upepo, na yako magumu yenye matawi kama miti midogo. Sisi watoto wa Unguja matumbawe tumezoea kuyaokota ufukweni yameshakufa, na nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe yake. Sikuwahi kufikiri kwamba jiwe lile ni nyumba ya kiumbe kidogo laini, anayechukua kalsiamu kwenye maji na kuijengea mifupa yake chembe kwa chembe, usiku na mchana.

Katikati ya tangi palikuwa na tumbawe moja la aina ya akropora, la rangi ya zambarau, ukubwa wa bakuli la uji. Marehemu alilinunua likiwa kipande cha kidole, akalibandika juu ya jiwe kwa mkono wake. Binti alikuwa akiliita ua la mama. Akirudi skuli, kabla hajavua viatu, anakwenda kulitazama. Mimi alikuwa akinipa salamu mgongo umenielekea.

Majini mna nini

Kabla ya kwenda kazini mara ya kwanza baada ya harusi, mume wangu alinikalisha akanifundisha. Nitawaambia kama nilivyoelewa mimi, kwa lugha ya fundi cherehani.

Tumbawe gumu likijenga linahitaji vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza ni kalsiamu. Maji ya bahari ya kawaida yana miligramu kama 420 za kalsiamu kwa kila lita, na tangi likiwa baina ya 380 na 450 liko salama. Cha pili ni ualkali, yaani nguvu ya maji kustahimili tindikali. Kwa tumbawe, ualkali ndio ile akiba ya bikaboneti anayoichanganya na kalsiamu kupata jiwe lake. Unapimwa kwa digrii zinazoandikwa dKH. Bahari iko karibu na 7, matangi mengi huwekwa baina ya 7 na 11, na letu tunaliweka 8.

Kuna cha tatu, magnesiamu, ambayo inatakiwa iwe kama 1,300 kwa lita. Hii kazi yake ni kuzuia wale wawili wasikutane ovyo. Ikipungua, kalsiamu na ualkali hushikana wenyewe kabla tumbawe halijafaidi, wakaganda kama chokaa nyeupe kwenye pampu na kwenye vioo.

Baharini hakuna anayepima, maana maji ni mengi na hayeshi. Tangi ni kibaba. Matumbawe yanakula kila siku, na usiporudisha kilicholiwa, akiba inashuka. Sisi tulikuwa na chupa mbili. Moja ya kloridi ya kalsiamu, inatiwa asubuhi. Nyengine ya ualkali, ambayo asili yake ni magadi soda, inatiwa jioni. Mume wangu aliandika kwa wino mwekundu juu ya karatasi: mililita kadhaa kwa siku, pahala penye mkondo mkali, na chupa mbili zisitiwe kwa wakati mmoja.

Kupima si kazi. Unatia mililita tano za maji ya tangi kwenye kichupa, kisha unadondosha dawa tone kwa tone huku unatikisa. Ya ualkali inaanza buluu, na tone litakaloigeuza njano ndilo la mwisho kuhesabu. Kwa kipimo chetu kila tone ni dKH moja, kwa hiyo matone manane ni 8. Ya kalsiamu inaanza waridi ikageuka buluu, kila tone ni 20.

Hapa kuna siri ambayo ilinichukua muda kuielewa. Tumbawe likijenga, kila linapotumia dKH 2.8 za ualkali, kalsiamu inapungua 20 tu. Ukiwa na kalsiamu 420, hiyo 20 huioni. Lakini ukiwa na ualkali 8 ukapoteza 2.8, umepoteza zaidi ya theluthi. Wenye biashara watanifahamu: kalsiamu ni pesa zilizoko benki, ualkali ni pesa za mkobani. Benki inaweza kuonekana imejaa huku mkobani huna nauli. Ndiyo maana ualkali hupimwa mara nyingi zaidi. Sisi tunaupima kila baada ya siku mbili, kalsiamu mara moja kwa wiki, magnesiamu mara moja kwa mwezi.

Yote haya niliambiwa. Nikasema, "Nimeelewa." Nilikuwa nimeelewa kama mwanafunzi wa ushoni anayesema ameelewa kukata kola.

Usiku wa chupa

Ilikuwa Shaaban, na mnajua Shaaban ilivyo kwetu sisi washonaji. Kila mwenye harusi anataka aimalize kabla ya Ramadhani. Nilikuwa na nguo kumi na moja za kumaliza, nalala saa nane, naamka alfajiri. Mume wangu yuko jangwani. Siku ya kwanza nikasahau chupa ya jioni. Siku ya pili nikasema nitatia kesho. Zikapita siku tano.

Siku ya tano nikapita sebuleni nikaona matumbawe yamejikunyata. Nikapima. Matone matano. Ualkali ulikuwa umeshuka kutoka 8 mpaka 5. Nikapima kalsiamu, 400, kama haikuguswa. Moyo ukaniruka. Nikawaza mume atakaporudi, nikawaza mtoto, nikawaza maneno ya watu kwamba mke mpya hata samaki hawezi kuwatunza.

Basi shoga yenu nikafanya lile ambalo hufanywa na mwenye hofu. Nilichukua chupa ya ualkali nikamimina karibu yote kwa mkupuo mmoja. Kisha nikaona si haki kurudisha kimoja, nikachukua na ya kalsiamu nikamimina pale pale. Maji yakageuka meupe kama tui. Vile vitu viwili vilikutana vikali, vikashikana, vikawa unga wa chokaa tangi zima. Nilisimama nimeshika chupa tupu, na samaki siwaoni.

Asubuhi maji yalikuwa yameanza kung'aa. Nikapima, matone kumi. Kutoka 5 mpaka 10 usiku mmoja. Nikasema Alhamdulillah, limepona.

Halikupona. Siku ya pili ncha za akropora zilikuwa nyeupe kama zilizochomwa na pasi. Siku ya tatu nyama yake ikaanza kubanduka kutoka chini kwenda juu, kama rangi ya ukuta wenye maji. Pale zambarau ilipoondoka palibaki mfupa mweupe. Binti alirudi skuli, akasimama mbele ya tangi na begi mgongoni. Hakulia. Aligeuka akanambia, "Umeua ua la mama."

Wallahi nimepigwa na maneno mengi maishani, mengine mbele za watu. Hayo yalinipata kuliko yote, kwa sababu yalikuwa kweli.

Nilichokifanya kwa mtoto

Nikampigia mume wangu simu nikilia. Hakunigombeza. Aliniuliza namba, nikamtajia. Akasema, "Usimwage kitu chengine chochote. Usitie cha kuupandisha wala cha kuushusha. Acha matumbawe yaliyobaki yaule wenyewe mpaka ufike 8, ndipo uanze tena kidogo kidogo." Kisha akanieleza lile ambalo sikulisikia mwanzo. Tumbawe linaweza kuishi kwenye 7, linaweza kuishi na kwenye 10. Kinachoua mara nyingi ni kurushwa kutoka huku kwenda kule kwa ghafla. Ukiukuta umeshuka, upandishe dKH moja kwa siku, usizidishe. Kutoka 5 kwenda 8 ni safari ya siku tatu au nne, na hakuna njia ya mkato.

Usiku ule sikulala. Nilikaa sebuleni natazama mfupa mweupe, nikawaza kuhusu mtoto kuliko tumbawe.

Mwezi ule ule, wapenzi wangu, nilikuwa nimemshonea nguo nne kwa mpigo. Nilimnunulia begi, saa na viatu. Alipokwenda kulala kwa bibi yake usiku mmoja, nilimbadilishia chumba kizima, mapazia, foronya, zulia, ili akirudi afurahi. Mapazia ya zamani yalikuwa ya mama yake. Alirudi akakaa kitandani hakusema neno, na nguo zile nne hakuvaa hata moja. Nami moyoni nikasema mtoto huyu hana shukurani.

Wakati huo huo, vile vidogo vya kila siku nilikuwa sivifanyi. Sikuwa nikimuuliza skuli palikuwaje. Chakula nilimwacha ale peke yake kwa sababu nilikuwa na nguo za watu. Siku tano hivi, siku kumi hivi, kisha namwaga chupa nzima. Na bado nilikuwa nikishangaa kwa nini anajikunyata.

Mtume wetu (SAW) ametufundisha kwamba amali anayoipenda zaidi Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu hata ikiwa ndogo. Nimeisikia tangu niko chuoni. Na Sura ya Ar-Rahman nimeihifadhi nikiwa mdogo kuliko binti yule: mwanzo wake inataja mizani, na haiendi mbali inataja lulu na marijani. Nimeisoma miaka yote hiyo, na mizani niliidhania ya sokoni tu.

Kipande cha kidole

Mume wangu aliporudi tukaligundua tawi moja juu kabisa ambalo bado lilikuwa na rangi, urefu wa sentimita tatu. Akalikata kwa koleo juu ya pale nyama ilipokuwa ikibanduka, maana ukiliacha, ule ubandukaji hupanda mpaka juu. Akalipaka gundi, akampa binti. Binti akalibandika juu ya jiwe mwenyewe, mkono mdogo umezama mpaka kwenye bega. Mimi nilisimama mlangoni. Sikujisogeza.

Mfupa mweupe hatukuutoa. Binti hakutaka, na mimi sikumshawishi. Mapazia yale ya mama yake niliyatoa kabatini, nikayafua, nikayapiga pasi, nikampelekea bila ya hotuba. Nikamwambia, "Haya ni yako. Nilikosea kuyatoa bila ya kukuuliza." Akayapokea.

Mume aliporudi kazini nikaanza upya. Nilichukua daftari langu la vipimo vya wateja, nikafungua ukurasa wa nyuma, nikachora mistari: tarehe, ualkali, kalsiamu, kilichotiwa. Kila baada ya Magharibi nilikaa mbele ya tangi na kichupa changu. Siku za mwanzo nilihesabu peke yangu. Siku moja mkono ulinitetemeka nikapoteza hesabu, nikasikia sauti nyuma yangu, "Sita. Hilo lilikuwa la sita, Halati."

Kesho yake alikaa kitako pembeni. Wiki iliyofuata kichupa kikawa chake na daftari langu. Yeye anadondosha, mimi naandika. Ni dakika tano tu. Katika dakika tano hizo nimejua jina la mwalimu wake, nimejua rafiki yake amehama, na siku moja nimejua mama yake alikuwa akiimba anapopika. Sikumuuliza. Alisema mwenyewe baina ya tone la nne na la tano.

Chokaa ya bibi

Baadaye mume wangu akaleta njia nyengine, na hii mtaipenda. Maji ya tangi hupungua kwa mvuke kila siku, letu kama lita tatu hivi huku kwenye joto la Maskati. Kinachoondoka ni maji matupu, chumvi inabaki, kwa hiyo unarudisha maji yasiyo na chumvi yaliyochujwa. Watunza matangi wengine huchanganya kwenye maji hayo unga mweupe unaoleta kalsiamu na ualkali vyote viwili, kwa mizani ile ile ambayo tumbawe linaitumia.

Aliponionesha unga wenyewe nikacheka mpaka nikakaa chini. Ni chokaa! Chokaa ile ile ambayo bibi yangu alikuwa akiipaka kwenye tambuu, pamoja na popoo, kutoka kwenye kijaluba chake. Chokaa iliyoshika mawe ya Mji Mkongwe, ambayo wazee wetu waliipata kwa kuchoma matumbawe. Yaani kilichochomwa kutoka kwenye tumbawe kinarudi kulilisha tumbawe.

Lakini msikimbilie kijaluba. Ya tangi lazima iwe safi, si ya kujengea. Na ni kali: maji yake yanafika pH ya zaidi ya 12, yanaunguza macho na mikono, yawekwe mbali na watoto. Maji hayapokei zaidi ya kijiko kimoja cha chai kwa lita mbili, na tangi letu linatosheka na nusu ya hapo. Unaacha yatulie, unatumia yale meupe ya juu yaliyo safi, machicha unaacha chini. Na hayamwagwi, yanadondoshwa. Sisi tunadondosha usiku, kwa sababu usiku pH ya tangi hushuka na chokaa huiinua. Tangu tuanze, chupa mbili tunazigusa pale tu kipimo kinapoonesha upungufu.

Kama kuna mmoja wenu anataka kujaribu tangi, mawili matatu ya kukushikia. Anza na matumbawe laini. Hayo hayajengi jiwe kubwa, na ukibadilisha maji kiasi cha asilimia 10 kila wiki kwa chumvi nzuri, mara nyingi huhitaji chupa yoyote. Ukitaka magumu, nunua vipande vilivyokuzwa kwenye matangi, na uliza vibali, maana matumbawe magumu yako kwenye mkataba wa CITES wa biashara ya viumbe. Na nyie mlioko nyumbani, msiende kuvunja baharini. Nendeni Chumbe, ambako miamba yake imehifadhiwa tangu 1994, mkayaone yakiwa hai pahala pake. Pale hapahitaji chupa wala kichupa.

Biharusi wangu

Sasa nikujibu wewe uliyeniuliza nikiwa na pini mdomoni.

Usitake wakupende upesi. Hiyo upesi ndiyo chupa. Wiki ya kwanza usiingie na masanduku ya zawadi na mapazia mapya. Ingia ukapime. Tazama mtoto gani hula nini, nani halali bila ya taa, picha ya mama yao iko wapi na nani huifuta vumbi. Usiiondoe. Ukishajua kinachopungua, rudisha kidogo, na kesho kidogo, na siku ambayo umechoka pia kidogo. Siku ukisahau, usilipe kwa mkupuo. Omba radhi, anza pale ulipofika.

Na usidanganywe na lile lililoko benki. Nyumba inaweza kuwa na kila kitu, mume mwema, chakula, kiyoyozi kila chumba, lakini lile dogo la mkononi limekwisha siku nyingi na hakuna aliyepima. Salamu ya asubuhi, kumsikiliza mtoto mpaka amalize, kumwambia mume neno jema kabla hajaondoka. Hayo hukauka kwanza, na hukauka kimya kimya.

Tena nisikufiche. Kuna lililokufa ambalo halikurudi. Ule mfupa mweupe bado uko tangini, umeota mwani, na samaki mmoja mdogo amefanya ndani yake pahala pa kulala. Mimi siwi mama wa yule mtoto, naye hanihitaji niwe. Niliacha kugombania nafasi hiyo na moyo wangu umetulia. Haba na haba hujaza kibaba, lakini wazee hawakusema kibaba kitajaa lini.

Mwaka mmoja na nusu umepita. Kile kipande cha sentimita tatu sasa kina matawi saba, na ncha zake zinang'aa zambarau nyepesi, dalili kwamba linajenga. Likizo hii binti amekwenda Unguja na bibi yake, mara yake ya kwanza. Nilidhani atanisahau kwa bahari na maembe. Juzi baada ya Magharibi simu ikalia, ujumbe kutoka kwake, maneno matatu tu: "Halati, leo ngapi?"

Nikapima, nikahesabu polepole nisije nikakosea, nikamjibu, "Nane."

Akaniletea alama ya moyo, kisha akaandika, "Usitie kitu leo basi. Kesho tena."

Wapenzi wangu, Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zenu utulivu na rehema, awape mabiharusi wetu subira ya mambo madogo, na amrehemu kila mama aliyetangulia akaacha ua lake mikononi mwa mwengine. Amin.

Tukutane kwenye habari ya lesi in sha Allah. Wasalaam alaykum.